Kukata, kuchana, kugema, kujeruhi: neno lipi liende wapi

Kata ni neno pana mno. Kisu hukata, umeme hukatwa, abiria anakata tiketi stendi, aliyeshindwa kesi anakata rufaa. Upana huo ndio unaowafanya waandishi wengi walitumie kila mahali, hata pale ambapo Kiswahili kina neno kali zaidi. Nenda Mafinga, kwenye biashara ya mbao za msitu wa Sao Hill, ukaite kila kazi ya pale kukata: watakuelewa, ila watajua hujawahi kushika msumeno.

Mti hukatwa pale unapoangushwa. Ukiwa bado umesimama, matawi yake ya chini hupogolewa ili mbao isijae vifundo. Likishakuwa gogo, hupasuliwa au huchanwa mbao. Vichaka vya chini hufyekwa, na vipande vya kupikia huchanjwa kwa shoka. Tofauti kubwa hapa ni mwelekeo: anayekata gogo hupitisha msumeno kwa upana wake, anayechana hufuata urefu. Ndiyo maana hata shati likinaswa na msumari tunasema limechanika, halijakatika. (Vijana wanaosema “nimemchana” wakiwa na maana ya kumwambia mtu ukweli bila kificho hawajaenda mbali na maana hiyo.)

Chanja lina upande wa pili, wa kutia mkato mdogo kwenye ngozi. Mganga huchanja chale. Kinga ya ndui nayo ilitiwa kwa kukwaruza ngozi, na kutokana na mkwaruzo huo tukapata chanjo. Leo matone ya polio huingia kwa mdomo, hakuna kinachochanjwa, lakini jina limebaki.

Neno ninalolipenda zaidi ni gema. Pwani hugemwa mnazi; Iringa na Njombe hugemwa mianzi, ikatoa ulanzi, pombe ya utomvu wake. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, kisha mgema hurudi kila siku kulikwangua upya kwa kisu kikali, kipande chembamba tu, ili utomvu uendelee kudondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia. Akikata sana anaharibu chipukizi, akiacha kukata jeraha linakauka. Kugema, basi, ni kukata kwa kipimo, ili kinachokatwa kiendelee kutoa. “Kukata ulanzi” hakulielezi jambo hilo hata kidogo.

Kosa la kuchagua neno linaweza kupotosha hata historia. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 asije akaangukia mikononi mwa Wajerumani. Baada ya kufa, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudi mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga. Anayeandika kwamba Mkwawa alichinjwa amebadilisha namna alivyokufa, kwa sababu kuchinja ni kuua kwa kukata koo.

Kwenye mwili wa mtu ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. “Amejikata kidole” ina maana ya mkato, kidole kipo. “Amekatika kidole” inaogopesha, maana kimetoka. Aliyepasuliwa mguu hospitali amefanyiwa upasuaji na anarudi nao nyumbani. Aliyekatwa mguu harudi nao. Ngozi ya juu tu ikitoka, mtu amechubuka.

Kuumiza ni pana kuliko kujeruhi, na hata maneno huumiza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalifinya jeraha zaidi: ni mkato au tundu linalopasua au kupenya ngozi au utando wowote wa nje wa mwili. Kwa tafsiri hiyo, aliyepigwa ngumi akavimba bila ngozi kupasuka ameumizwa, lakini hana jeraha. Mtaani hatubani hivyo. Basi likipinduka kwenye mteremko wa Kitonga, aliyevunjika mkono bila tone la damu naye huhesabiwa miongoni mwa majeruhi.

Jeraha na kidonda pia si kitu kimoja. Jeraha huletwa na panga, ajali, risasi au moto. Kidonda ni nyama iliyo wazi, iwe imetokana na jeraha lisilopona au na maradhi. Mwenye vidonda vya tumbo anahitaji dawa na mlo wa kuangalia; mwenye majeraha ya tumbo pengine amechomwa kisu.

Hilo la majeruhi nalo huvurugwa sana, hasa kwenye habari za michezo. Majeruhi ni mtu, awe mmoja au kumi. “Mshambuliaji amepata majeruhi” haikai sawa. Amepata jeraha, au ni majeruhi. Na goti lake linamuuma. Aliyemuumiza ni beki.