Je, wajua? Zambarau haimo kwenye upinde wa mvua

Ukila mazambarau, ulimi hubaki na rangi ambayo huhitaji kuelezwa. Tunda lenyewe ndilo lililoipa jina. Lakini siku mvua inyeshapo huku jua linawaka, utazame upinde vizuri: nyekundu, rangi ya machungwa, njano, kijani, buluu, nili, na ukingo wa ndani kabisa, urujuani. Zambarau hutaiona. Wengi wetu tunaziita zambarau na urujuani kwa jina moja, maana zinafanana mno, ila kwa asili ni vitu viwili mbalimbali.

Mwanga husafiri kwa mawimbi. Wimbi lenye urefu wa nanomita 700 hivi tunaliona jekundu, na la 400 hivi tunaliona la urujuani (nanomita milioni moja ndizo milimita moja). Urujuani, basi, una mawimbi yake. Zambarau haina. Hakuna wimbi hata moja ambalo peke yake hutupa zambarau. Hutokea pale tu mwanga mwekundu na wa buluu unapoingia jichoni pamoja, kijani kikiwa hakipo au ni hafifu.

Inakuwaje jicho lifananishe mchanganyiko na wimbi moja? Ndani ya jicho, kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, kuna seli ziitwazo koni, na ziko za aina tatu: za mawimbi mafupi, ya kati na marefu. Hili ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria: koni yenyewe haijui rangi. Kazi yake ni kusema tu imeguswa kiasi gani. Ubongo ndio unaolinganisha taarifa za aina zote tatu, kisha ukaamua kwamba hii ni njano, hii ni buluu. Taarifa zikilingana, ubongo hauna njia ya kujua kama mwanga uliofika ulikuwa mmoja au mchanganyiko.

Urujuani huamsha zaidi koni za mawimbi mafupi. Lakini koni za mawimbi marefu nazo huguswa kidogo, na mguso huo ubongo huusoma kama wekundu. Buluu yenye chembe ya wekundu: hapo ndipo urujuani unapokaribiana na zambarau.

Kioo cha simu yako kinautegemea udhaifu huo wa kutotofautisha wimbi moja na mchanganyiko. Kina vitaa vya rangi tatu tu, nyekundu, kijani na buluu. Njano unayoiona humo ni nyekundu na kijani vikiwaka pamoja. Urujuani nao huigizwa kwa buluu iliyotiwa nyekundu kidogo. Kwa hiyo picha ya upinde wa mvua, hata ikipigwa kwa simu ya bei kubwa namna gani, haikuonyeshi urujuani wenyewe.

Kuuona si kazi ngumu. Tafuta CD ya zamani, ishike mahali jua linapoingia dirishani, uelekeze mng'ao wake kwenye ukuta mweupe, kamwe si machoni. Usitumie taa ya LED: nyingi hutengenezwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi, na chini ya hapo hazina kitu cha maana. Jua linao urujuani. Fuata rangi ukutani, pita buluu, na kabla tu ya giza utaukuta mstari mwembamba, umefifia: huo ndio urujuani.