Mfalme akifa, nani mwenye haki ya kusema “ni huyu”?

Mwezi wa tano vijana watatu waliniletea ufalme ndani ya daftari. Wawili wanasoma sheria hapa Lubumbashi. Wa tatu, binti wa Katuba, ndiye mchoraji. Wanatengeneza kitabu cha katuni. Tuliketi chini ya mwembe nyumbani, karanga kwenye sahani katikati yetu, nikapewa daftari nilisome. Ufalme wao wa kubuni unaitwa Umande. Una mto unaozama ardhini wakati wa kiangazi, una machimbo ya shaba, una mashujaa kumi na mmoja, na ramani iliyopakwa rangi na mkono wenye kipaji kweli. Nikafika ukurasa wa nasaba. Mstari mmoja tu: “Mfalme akifa, mtoto wake wa kwanza wa kiume anarithi.”

“Mfalme huyu ana wake wangapi?” nikauliza.

“Kumi na wawili, Baba Prof.”

“Basi mtoto wa kwanza ni yupi? Aliyetangulia kuzaliwa, au wa mke mkubwa? Mke mkubwa akiwa hana mtoto wa kiume? Na siku ya kuzaliwa aliishuhudia nani, aliiandika wapi?”

Wakatazamana. Mchoraji akacheka kidogo, akachukua kalamu.

Mimi hufundisha historia ya falme za savana, na mstari ule nakutana nao kila mwaka kwenye karatasi za wanafunzi. Umetoka kwenye vitabu vya shule vilivyosimulia wafalme wa Ulaya. Si mstari mbaya, lakini ni sheria ya watu fulani: watu ambao mfalme wao alitambuliwa kuwa na mke mmoja wa ndoa, padri akiandika ubatizo kwenye rejista, na mali yote ikilindwa isikatwe vipande. Ukiuhamisha ulivyo mpaka kwenye nyumba ya wake kumi na wawili, hauna pa kushika. Kinachoniuma ni kwamba sisi tunaishi katikati ya nchi yenye akili nyingi sana juu ya jambo hili, halafu kijana wa Katanga akitaka kubuni ufalme anaazima sheria ya mbali.

Nikawaambia waache kwanza swali la “nani anafuata”. Damu hutoa wagombea, haitoi mfalme. Maswali ya kwanza ni mengine: mfalme akifa, ni kitu gani hasa kinachokufa na kipi kinabaki? Na nani mwenye haki ya kunyosha kidole na kusema “ni huyu”?

Tukaanza na Waluba, kwa kuwa wote watatu walikuwa wamesikia habari za Kalala Ilunga kwa babu zao. Nkongolo Mwamba alitawala kwa ukali. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, asiyekula mbele za watu. Akazaa na Bulanda, dada ya Nkongolo, na mtoto ni Kalala Ilunga, ambaye baadaye alimpindua mjomba wake. Tazama simulizi hili linavyofanya kazi yake. Utakatifu wa utawala, bulopwe, unapita kwenye damu ya baba. Lakini mtoto alilelewa kwa upande wa mama, na adui yake ni mjomba. Kwa Waluba wa historia mambo yaliendelea hivyo hivyo: watoto wote wa kiume wa mfalme walikuwa na damu ile, kwa hiyo damu haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni ukoo wa mama. Baba anakupa haki, wajomba wanakupa mikuki. Ndiyo maana mfalme alioa katika kila upande wa nchi, na ndiyo maana kifo chake kilifungua vita kati ya ndugu wa baba mmoja.

Binti mchoraji akauliza: “Sasa wake kumi na wawili si mapambo?” Si mapambo hata kidogo. Ni majeshi kumi na mawili yanayosubiri.

Na kuna jambo jingine la Waluba ambalo kila nikilieleza naona darasa linanyamaza. Mfalme akifa, makao yake hayarithiwi. Mfalme mpya anajenga mji wake mpya. Mji wa marehemu unabaki na kuitwa kitenta, na ndani yake anakaa mwanamke, Mwadi, ambaye roho ya mfalme imempanda. Huyo si mjane anayetunza kaburi. Yeye ndiye mfalme yule, aliyeendelea kuishi katika mwili wa mwanamke. Anaheshimiwa hivyo na anapelekewa zawadi hivyo. Kwa hiyo nchi ilijaa miji ya wafalme waliokufa lakini hawakuondoka. Kumbukumbu ya yote ilikuwa mikononi mwa chama cha bambudye, waliosoma historia kwa vidole kwenye lukasa, kibao cha mbao kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, kilichopambwa kwa shanga na simbi. Mgombea asiyekuwa na nafasi katika yale yaliyosomwa pale alikuwa na kazi ngumu.

Kisha simulizi likatupeleka Musumba, upande wa Kapanga, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Hapo huwa nasahau hata karanga.

Walunda wanasimulia kwamba Nkond alidharauliwa na wanawe, Chinguud na Chinyam. Akawanyima rukan, bangili ya ufalme iliyotengenezwa kwa mishipa ya binadamu, akampa binti yake Ruwej. Akaja mwindaji wa Kiluba, Chibind Yirung, wakaoana. Na katika siku za kutengwa kwake kwa sababu ya hedhi, Ruwej akampa mumewe bangili. Kaka zake wakaona wameporwa, wakaondoka. Chinguud akaelekea magharibi, nchi ambayo leo ni Angola. Mtoto aliyekuja kuwa Mwant Yav hakutoka tumboni mwa Ruwej. Alizaliwa na mke mwingine, Kamonga.

Sasa sikieni walichofanya Walunda na hadithi hii. Hawakuiacha iishe. Kila mtu wa simulizi lile akawa kiti, na anayeketi kwenye kiti anakuwa mtu yule: anachukua jina lake na undugu wake wote. Kama mwenye cheo wa kwanza alikuwa mjomba wa mwenye cheo cha pili, basi miaka 200 baadaye anayekalia kiti hiki ni mjomba wa anayekalia kile, hata kama kwa damu hawana uhusiano wowote, hata kama mjomba ana miaka 20 na mpwa ana mvi kichwani. Yuko mwanamke mwenye cheo cha Swan Murund, naye anakalia nafasi ya Ruwej. Yuko Rukonkesh, mama wa Mwant Yav kwa cheo. Hahitaji kuwa amemzaa. Na huko Luapula, ambako Walunda wa Kazembe walifika, mwenye cheo husimulia safari na vita vya waliomtangulia kwa kusema “mimi”: mimi nilivuka mto, mimi nilipigana pale. Hadanganyi. Ndivyo alivyo.

Kijana mmoja wa sheria akaruka: “Basi mfalme hafi!” Anakufa mtu, undugu haufi. Na ndiyo siri ya Walunda kuenea mbali bila kuweka askari kila kijiji. Ukikuta chifu mgeni, unampa nafasi ndani ya ukoo: wewe ni mtoto, wewe ni mpwa. Kuanzia siku hiyo anajua ampelekee nani ushuru na amlilie nani msiba.

Kwa upande wa mama nilipita haraka, ingawa ardhi hii ya Lubumbashi yenyewe ni ya Walamba, watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Wabemba wa ng’ambo ya mpaka, Zambia, ndio mfano ulio wazi zaidi. Chitimukulu, mfalme wao, harithiwi na mwanawe. Anarithiwa na ndugu yake wa tumbo moja, au mtoto wa dada, au mtoto wa binti wa dada. Na watu hupanda ngazi: mwenye cheo kidogo cha ukoo huhamia kikubwa, kama vile cha Mwamba au cha Nkula, hadi afike juu. Wanaomhifadhi marehemu na kupima warithi ni bakabilo, wazee wa urithi ambao wao wenyewe hawawezi kuwa Chitimukulu. Hilo nililipigia mstari kwenye daftari lao mara mbili. Mchaguzi asiyeweza kuchaguliwa: falme nyingi zilifikia wazo hilo, kila moja kwa njia yake.

Rwanda, jirani ya ndugu zetu wa Goma, ilikuwa na abiru, walinzi wa siri za ufalme. Tarehe 25 mwezi wa saba 1959 Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla huko Bujumbura, bila mtoto. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi yake kilimani Mwima, mbele ya gavana wa Kibelgiji, abiru wakamtangaza Ndahindurwa, ndugu wa marehemu kwa baba, kuwa Kigeli V. Serikali ya kikoloni haikuwa imejiandaa. Hata jina halikuwa la kujichagulia, kwa sababu majina ya wafalme yalikwenda kwa zamu, na baada ya Mutara zamu ilikuwa ya Kigeli. Nikamwambia mchoraji: hilo ni kaburi moja, kundi la watu, sauti ya mzee mmoja, na dola nzima ya kikoloni inapigwa na butwaa. Ukurasa mzima wa katuni huo.

Lakini haki ya kusema “ni huyu” inaweza pia kuporwa, na hapa kwetu tunajua. Bunkeya, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891: Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi akajenga ufalme wa Garenganze, akapigwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Bodson naye akapigwa risasi pale pale, akafa kwa jeraha hilo. Mwanawe Msiri, Mukanda Bantu, akashika nafasi, na jina Mwenda limeendelea kuwa la mwami, yaani mfalme, wa Bayeke, watu wa Msiri. Nasaba haikukatika. Ila tangu siku ile aliyekuwa nje ya ukoo alikuwa na neno katika kumtambua mrithi. Kwa Waluba ilikuwa vivyo hivyo: wakoloni walikuta ndugu wanapigania kiti, wakawatambua wawili, na leo yapo makao mawili, Kabongo na Kasongo Nyembo. Ugomvi wa kurithiana, ambao kwa desturi ungemalizika na mshindi mmoja, ukaandikwa kwenye ramani ukawa mpaka.

Vijana wa sheria hapo wakawa nyumbani. Wakanikumbusha sheria nambari 15/015 ya mwezi wa nane 2015: chifu anapatikana kwa desturi ya mahali pake, kisha dola inamtambua. Hatua mbili, mikono miwili. Walikuwa wameisoma kwa ajili ya mtihani, hawakuwahi kuiuliza kuhusu Umande.

Tukakaa mpaka jua likashuka nyuma ya bomba la kiwanda, na Umande ukapata sheria zake. Nilitoa mawazo, wao wakakata na kushona. Damu ya nyumba ya kifalme inapita kwa baba, na watoto wote wa kiume wana haki sawa. Hata hivyo hapati kiti mtoto ambaye mama yake anatoka ukoo uleule wa mama wa mfalme aliyekufa. Kwa hiyo ukoo wa mama unaotawala leo unajua kesho utakaa pembeni, na unajifunza adabu. Kifo hakitangazwi mpaka mahindi ya msimu yavunwe. Mji wa marehemu unabaki na mwanamke wake. Na bangili ya shaba, katika miezi hiyo ya kimya, inavaliwa na mwenye cheo kinachoitwa Dada. Yeye ni dada wa kila mfalme, hata akiwa bibi wa miaka 80 na mfalme akiwa kijana. Na kwa kuwa ni dada, hawezi kuwa mke wa mgombea yeyote wala mama yake.

Nilipinga kitu kimoja. Walitaka Dada afanye uchaguzi peke yake, kwa ndoto. Nikawaambia hapana: mpeni wazee tisa wa kusema jina, na yeye abaki na bangili. Wenye jina hawana bangili, mwenye bangili hana jina. Kila upande unamhitaji mwingine, na mashaka ya ufalme wenu yataishi kwenye nafasi hiyo kati ya mdomo wa wazee na mkono wa mama mmoja.

Binti wa Katuba alikuwa ameacha kuandika, anachora. “Na kama wazee wakitaja jina, na yeye akakataa kuivua?”

“Sheria ya Umande inasema nini?”

“Haisemi.”

“Sheria za kweli pia mara nyingi hazisemi,” nikamjibu, “ndipo vita vinapoanzia.”

Juzi ameniletea ukurasa wa kwanza. Hakuna mfalme ndani yake. Mahindi yamekauka shambani, wavunaji wamesimama na vikapu vyao lakini hakuna anayethubutu kukata bua la kwanza, na katikati ya karatasi umechorwa mkono wa bibi kizee, mishipa imetokeza, bangili imekaza kwenye kiwiko, wala haielekei kushuka.