Mashua chini ya mwamba: kuisoma picha ya Sesshū ya mwaka 1495

Kila muhula ninapowaonyesha wanafunzi wangu picha hii, hakosi mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, hii imemwagikiwa wino?" Simlaumu. Ukiitupia jicho mara moja unaona madoa tu. Ni karatasi ndefu nyembamba, kimo chake karibu sentimita 149 na upana kama sentimita 33, ya kutundikwa ukutani na kukunjwa kama mkeka. Juu imejaa maandishi. Chini kuna madoa ya wino. Kati yake, weupe mtupu.

Aliyeichora ni Sesshū Tōyō, mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen, aliyezaliwa mwaka 1420. Wajapani huiita Haboku sansui, mandhari ya wino uliovunjwa. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, nayo ni miongoni mwa kazi zake 6 zilizotangazwa kuwa hazina ya taifa. Leo nataka tuisome pamoja, polepole, kuanzia chini.

Chini upande wa kulia kuna vistari vichache vyembamba. Hiyo ni mashua, na ndani yake wamo watu wawili. Sogea kushoto hadi kwenye shina la mwamba, utaona pembe za paa na mlingoti wenye bendera. Ni kilabu cha pombe: katika picha za Kichina bendera ya namna hiyo ndiyo inayomwambia msafiri kwamba hapa panauzwa kinywaji. Juu ya paa wino umekoza kabisa, na hapo ndipo penye vichaka na miti iliyong'ang'ania jiwe. Nyuma yake, kwa wino uliopauka kama moshi wa alfajiri, vilele vya mlima vinajitokeza na kupotea. Ukishaiona mashua, madoa yote yanageuka kuwa mahali. Darasa zima hunyamaza hapo, na kimya hicho ndicho kinachonifanya niipende kazi yangu.

Kujua alivyofanya, sharti uujue wino wenyewe. Sumi, yaani wino huu, ni masizi, ama ya msonobari uliochomwa ama ya utambi wa mafuta, yaliyokandwa na gundi ya ngozi za wanyama, kisha yakakaushwa hadi yakawa mche mgumu. Mchoraji humimina maji kidogo juu ya jiwe lililochongwa kwa kazi hiyo, akausugua mche pale taratibu, mpaka maji yawe mazito na meusi. Siku ya kwanza nilipopewa mche na jiwe, harufu ile ilinirudisha chuoni Lamu, kwa babu aliyetutengenezea wino wa masizi na gundi ya mti ili tuandikie mbao zetu. Sikutarajia kukutana naye tena ndani ya karakana ya Kyoto.

Wino huu hausamehe. Karatasi huunywa papo hapo, gundi ikishakauka haung'oki, na hakuna kufuta. Angalia basi mpangilio wa Sesshū. Kwanza amepiga wino uliopauka, majimaji, kwa brashi pana. Kabla haujakauka akauingilia kwa wino mzito zaidi, ukasambaa wenyewe ndani ya unyevu ule, na kingo zikalegea. Huko ndiko kuvunjwa kwa wino. Mwisho, pakiwa pamekauka kiasi, akaweka mapigo machache makali: mlingoti, paa, ubavu wa mashua. Mchoraji wa namna hii hana nafasi ya kusita. Lazima ajue kila sehemu ya karatasi ina maji kiasi gani, na sekunde chache zinatosha kuharibu mlima.

Mbinu hii si ya Japani kwa asili yake. Sesshū anamfuata Yujian, mtawa mchoraji wa China wa karne ya 13. Ubudha uliingia Japani katika karne ya 6 kupitia Korea. Zen, ambayo Wachina huiita Chan, ilianza kushika mizizi baada ya mtawa Eisai kurejea kutoka China mwaka 1191. Tangu hapo watawa wakawa ndio wasafiri. Walivuka bahari wakarudi na vitabu, chai, vyombo vya udongo na picha. Monasteri kubwa za Kyoto zilikuwa mahali pa sala, na papo hapo shule za Kichina.

Sesshū alisomea Shōkoku-ji, mojawapo ya monasteri hizo, alikokuwako mchoraji Shūbun. Mwaka 1467 akapanda merikebu za ukoo wa Ōuchi, watawala wa Yamaguchi, akaenda China, iliyotawaliwa wakati huo na nasaba ya Ming. Mwaka huohuo vita vya Ōnin vilizuka Kyoto, na monasteri aliyolelewa ikateketea. Huko China alipokelewa katika monasteri ya Tiantong, karibu na Ningbo, akapewa heshima ya kiti cha kwanza miongoni mwa watawa. Akasafiri kwa maji hadi Beijing, akaiona milima na mito aliyokuwa akiijua kwa picha tu. Alirudi mwaka 1469.

Na aliporudi alisema nini? Maneno yake yako hapohapo juu ya picha. Anaeleza kwamba alikwenda China kutafuta mwalimu wa uchoraji, akakuta mabingwa wachache, akawataja wawili, Li Zai na Chang Yousheng, akajifunza kwao. Kisha anasema kuwa baada ya kurejea nyumbani ndipo alipotambua ukubwa wa wazee wake, Josetsu na Shūbun. Nayasoma maneno haya kila mara mtu anaponiambia kwamba Wajapani waliiga tu. Huyu alikwenda chemchemini, akanywa, akarudi akiwaheshimu zaidi waliomfundisha kwao.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Muqi, mtawa mwingine wa China wa karne ya 13, alidharauliwa na wahakiki wa kwao, wakaiita kazi yake chafu, isiyofuata kanuni za wazee. Japani ilimpenda. Picha zake za Guanyin, mtakatifu wa huruma katika Ubudha, za korongo na za nyani zimetunzwa Daitoku-ji, Kyoto, na leo anayetaka kumjua Muqi vizuri hana budi kwenda Japani. Mtu anayeiga tu hatunzi kile ambacho yule anayeigwa amekitupa.

Sasa turudi kwenye ule weupe wa katikati. Wapo wanaomaliza kila swali kuhusu sanaa ya Japani kwa kutamka "Zen", kana kwamba neno hilo peke yake ni jibu. Mimi nakuwa mwangalifu. Sesshū alikuwa mtawa, lakini pia alikuwa fundi aliyewachorea mabwana, na bingwa wa miamba yenye mistari migumu. Picha yake ndefu ya kukunjwa ya mwaka 1486, karibu mita 16, inapita kutoka masika ya maua hadi theluji, na haina uvivu popote. Hata hivyo hapa sioni njia ya kukwepa Ubudha. Sutra ya Moyo, andiko takatifu fupi la Kibudha ambalo watawa wa Zen hulisoma kila siku, inasema umbo ni utupu na utupu ni umbo. Tazama: karatasi ileile isiyoguswa ni maji chini ya mashua, ukungu ubavuni mwa mwamba, na anga nyuma ya vilele. Hakuna mstari unaoonyesha maji yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Ukiondoa weupe, mashua haina pa kuelea.

Na ule mlima? Neno lao la mandhari, sansui, ni milima na maji, basi. Mlima huu hauna jina, lakini mkono uliouchora ulijua milima. Akiwa na zaidi ya miaka 80 Sesshū alikwenda Ama-no-Hashidate, ule ulimi mrefu wa mchanga wenye misonobari, akauchora pamoja na mahekalu yake juu ya vipande vya karatasi vilivyoungwa.

Picha yetu ilikuwa ya kuagana. Mwanafunzi wake, mtawa Sōen, alikuwa akirudi Kamakura baada ya miaka ya kujifunza, akaomba picha iwe urithi wa nyumba yake. Sesshū anaandika kwamba macho yake yamefifia na akili imezeeka, ila kijana alimbana siku kadhaa, hivyo akaichukua brashi yake iliyonyonyoka na kunyunyiza wino mwepesi. Sōen akaipitisha Kyoto, na watawa 6 wa Zen wakaiongezea mashairi. Ukifuata maandishi ya Sesshū hadi mwisho utakuta sahihi yake, miaka 26 tangu aondoke China: kiti cha kwanza cha Tiantong, mzee wa miaka 76, kwa hesabu ya kwao inayomhesabia mtoto mwaka mmoja tangu anapozaliwa.