Bei ya kukagua nyaya za umeme haitokani na ukubwa wa jengo

Wapo wanaoamini kwamba bei ya kukagua nyaya za umeme shuleni au zahanati hufuata ukubwa wa jengo. Kinachokula saa za fundi zaidi ni idadi ya saketi, yaani njia za nyaya, kila moja na breka yake. Ukumbi mpana wenye saketi 4 humalizika upesi. Maabara ndogo yenye 20 yaweza kuchukua siku nzima. Saketi huzimwa, vifaa huchomolewa, insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye nyaya, hupimwa kwa volti 500. Ukinzani wake usipofika megaomu 1 (omu milioni moja), hitilafu isakwe. Kifaa kimoja kilichosahaulika kwenye soketi hushusha kipimo, na kazi hurudiwa. Umeme wa wodi nao hauzimwi ovyo, ndiyo maana mafundi wengine hutoza kazi ya usiku.

Fungua mlango wa kisanduku cha breka, usiguse skrubu, uhesabu breka zinazotumika. Kwotesheni (bei ya fundi kwa maandishi) isiyotaja saketi ngapi, irudishe.