Mfamasia katika tiba ya uraibu wa afyuni: kupanua jukumu lake kuna maana gani?

Kwa kawaida mfamasia husoma cheti cha daktari, hutoa dawa na kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia. Jukumu likipanuliwa, wawili hao huandikiana makubaliano: daktari hubaki msimamizi, na mfamasia huruhusiwa kumpima mgonjwa, kumwanzishia dawa na kurekebisha dozi. Mipaka huwekwa na sheria ya kila nchi.

Pagumu zaidi ni siku ya kwanza ya buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na afyuni nyingine. Dawa hii hushika vipokezi vya ubongo kwa nguvu kuliko heroini, lakini huviamsha kwa sehemu tu. Ikimkuta mgonjwa bado ana heroini mwilini, huing'oa kwa mkupuo, na arosto kali (mateso ya mwili kukosa afyuni) humvamia papo hapo. Wengi wakipatwa na hilo hawarudi tena. Kwa hiyo husubiriwa saa 12 hadi 24 tangu heroini ya mwisho, na zaidi kwa anayetoka kwenye methadoni, dawa nyingine ya tiba hii. Saa peke yake haitoshi. Mfamasia hutafuta dalili kwamba arosto imeanza yenyewe: jasho, miayo, mboni zilizopanuka, vinyweleo vilivyosimama. Ndipo huwekwa miligramu 2 hadi 4 chini ya ulimi hadi ziyeyuke. Zikimezwa, ini huharibu sehemu kubwa kabla dawa haijafanya kazi.

Methadoni hutaka uangalifu mwingine, kwani hujikusanya mwilini: dozi iliyoonekana salama siku ya kwanza yaweza kuzuia pumzi siku ya tatu au ya nne, hasa pakiwa na pombe au dawa za usingizi. Mgonjwa huinywa mbele ya mfamasia. Akikosa siku 3 mfululizo, asipewe dozi ya zamani kabla ya kupimwa upya, maana mwili umeanza kuisahau.

Kila mgonjwa aondoke na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na afyuni, na wa nyumbani kwake wafundishwe kuitumia. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, mapema kuliko methadoni, hivyo gari la wagonjwa liitwe hata akizinduka.

Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia watu 58 waliotulia baada ya kuanzishiwa buprenofini famasia. Mwezi mmoja baadaye, kati ya 28 walioendelea famasia, 25 walikuwa bado kwenye tiba. Kati ya 30 waliopelekwa kliniki za kawaida, 5 tu. Hata hivyo, sheria ikimruhusu mfamasia bila kumlipa kwa muda wa kumpima mgonjwa, na bila chumba cha faragha, ruhusa hiyo hubaki kwenye karatasi.