Je, wajua kwa nini salamanda alidhaniwa kuishi motoni?

Kabla ya kufika motoni, sharti nisahihishe kosa nililolibeba kwa miaka mingi. Kwenye miamba ya Baboon Cliff, juu ya Ziwa Nakuru, mijusi wenye vichwa vya rangi ya chungwa na miili ya buluu huota jua huku wakitikisa vichwa. Nami nilimwonyesha mpwa wangu mmoja wao na kumweleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba huyo ndiye salamanda. Sivyo. Yule ni mjusi tu, na Kenya nzima haina salamanda wa porini. Barani Afrika wanapatikana kaskazini pekee, katika nchi kama Moroko na Algeria. Miguu minne na mkia mrefu ndivyo vilivyonidanganya. Salamanda ni amfibia, na jamaa yake wa karibu ni chura.

Tofauti iko kwenye ngozi. Chukua jerikeni na mtungi wa udongo, uvijaze maji asubuhi moja ya joto la Kisumu. Jioni jerikeni bado imejaa, na maji yake ni vuguvugu. Mtungi umeloa kwa nje kama uliotoka jasho, kwa kuwa maji hupenya vitundu vyake na kukaukia hewani, na yaliyobaki ndani yamepoa. Mjusi, kwa magamba yake, ni jerikeni. Salamanda ni mtungi: ngozi yake hupitisha maji na hewa, hata zaidi ya nusu ya spishi zao hazina mapafu kabisa. Mlinganisho huu una mpaka, maana mtungi hautoi ute, ilhali salamanda hutoa, na ute wa yule mweusi mwenye madoa ya manjano wa Ulaya una sumu.

Kiumbe anayekauka upesi namna hiyo hujificha ndani ya magogo yaliyooza. Gogo likitiwa motoni, hutambaa nje akiwa amelowa, na aliyekaa kando ya meko huona mnyama akizaliwa na ndimi za moto. Maelezo haya ni dhana yenye mantiki, si jambo lililothibitishwa. Pliny, Mrumi wa karne ya 1, aliandika kwamba salamanda ni baridi kiasi cha kuuzima moto kama barafu. Ukweli ni kwamba huungua kama chura yeyote.

Baadaye kitambaa kisichoungua kiliitwa sufu ya salamanda, ijapokuwa Marco Polo, msafiri wa Venisi wa karne ya 13, alieleza kwamba hutokana na madini yanayochimbwa mlimani. Madini hayo ni asbesto, ile ile iliyoezekea nyumba nyingi za zamani hapa nchini; hivyo sufu ilitufikia, mnyama mwenyewe hakuwahi kufika.