Dirham 3 za metro ya Dubai hazikufikishi mlangoni pa hoteli

"Ukitua Dubai usihangaike na taksi, wezi wale. Panda metro, dirham 3 tu uko Deira." Maneno haya kuhusu Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, yanazunguka kwenye magrupu ya wanaofuata mzigo, toka Kariakoo mpaka Eastleigh, na kila wiki yanampata mtu mpya wa kuyasambaza. Aliyeyaandika mara ya kwanza bila shaka alitua saa nne asubuhi akiwa na mkoba mmoja wa mgongoni, na hoteli yake ilikuwa hatua chache toka kituoni. Wewe unayeyasoma huenda unatua saa sita kasoro usiku na dada yako, mna mabegi manne, na hoteli iko ndani ndani huko Naif, kona ya Deira. Ushauri huo utakuumiza.

Metro yenyewe haina kosa. Inakimbia kwa wakati, ni safi, ina kiyoyozi, na tangu ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009 imewaokolea watu pesa nyingi. Kinachochosha ni tabia ya kulinganisha tarakimu mbili, nauli ya treni na nauli ya taksi, halafu kutoa hukumu, wakati yanayoamua ni mengine kabisa.

La kwanza ni terminal, yaani jengo la abiria unaloshukia. Red Line, laini ya metro inayopita uwanja wa ndege, ina vituo viwili hapo: kimoja Terminal 1, kingine Terminal 3. Terminal 2 haina metro. Emirates wanatua Terminal 3. flydubai, ambao Watanzania, Wakenya na Waganda wengi wanawapanda kwa sababu ya bei, wanatumia zaidi Terminal 2, ingawa safari zao nyingine zinatua Terminal 3. Kwa hiyo soma tiketi yako, usisome ya jirani. Ukishukia Terminal 2, kufika kituo chochote cha metro kunataka basi au taksi kwanza, na ukishaingia kwenye taksi na mabegi yako hakuna maana ya kushuka njiani upande treni. Na wanaokata tiketi ya Air Arabia wajue ndege inatua Sharjah, mji mwingine usio na metro kabisa.

La pili ni saa. Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi pia, metro inaanza saa 11 alfajiri na kufunga saa 6 usiku. Ijumaa inakwenda hadi saa 7 usiku. Jumapili inaanza saa 2 asubuhi, na hapo ndipo wanaponaswa wanaotua alfajiri ya Jumapili: wanakaa sakafuni na mabegi kwa saa tatu ili waokoe dirham 30. Ndege ikigusa ardhi saa 5 na nusu usiku, uhamiaji na mkanda wa mabegi vinaweza kula saa nzima. Tiketi yako ikionyesha kutua baada ya saa 5 usiku, hesabu taksi moja kwa moja na usiwaze tena.

Sasa mzigo, ambao washauri wa dirham 3 hawautaji kamwe. Metro ya Dubai ina kanuni iliyoandikwa: abiria mmoja, vipande viwili, kimoja kikubwa kisichozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na kimoja kidogo kisichozidi 55 kwa 38 kwa 20. Chukua futi ya fundi nguo upime begi lako nyumbani, ukihesabu na magurudumu. Begi kubwa la kawaida la magurudumu manne linapita urefu bila shida. Linakwama kwenye unene, hasa yale yenye zipu ya kuongeza nafasi. Ukiifungua hiyo zipu, sentimita 30 zinakwisha na begi linakuwa pipa. Mabegi mawili makubwa kwa mtu mmoja hayaruhusiwi hata kama yote yana vipimo halali. Shangazi kaja lililofungwa kamba, katoni iliyozungushiwa selotepu, televisheni kwenye boksi: mlinzi wa getini ana haki ya kukuzuia. Siku nyingine anakuangalia tu unapita, na hiyo siku moja ndiyo inayozaa shuhuda kumi za "mbona mimi nilipita". Kanuni isiyotekelezwa kila siku ni mbaya kuliko inayotekelezwa, kwa sababu huwezi kuipangia.

Ukienda, kwa kawaida una begi moja nusu tupu. Ukirudi una kilo 46. Metro ya kwenda na metro ya kurudi ni maswali mawili tofauti, nami naliona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyomo humu.

Tuje kwenye hizo dirham 3. Ni nauli ya kweli ndani ya kanda moja, yaani eneo moja la nauli, kwa mwenye Nol Silver, kadi ya kulipia usafiri. Kanda mbili zinazopakana ni dirham 5, zaidi ya mbili ni 7.50. Lakini kadi yenyewe unainunua dirham 25, na 19 ndizo zinazobaki ndani kama salio. Ukikaa siku sita ukizunguka mjini, salio utalitumia lote, na kadi inadumu miaka 5, hivyo safari ijayo unakuja nayo. Ukikaa siku mbili, umenunua kadi ya dirham 6 kwa ajili ya safari mbili tatu. Tiketi nyekundu ya karatasi inagharimu dirham 2, na nauli yake ya kanda moja ni 4. Na kila mtu mzima lazima awe na yake. Hakuna kugonga mara mbili ili mwenzako apite. Geti linataka salio lisilopungua dirham 7.50 hata kama safari yako ni ya 3, kwa hiyo mwenye kadi ya zamani yenye dirham 5 ataona taa nyekundu mbele ya foleni na kuanza kubishana na mashine. Ongeza salio kwenye mashine, kwa sababu dirishani wanataka uweke kiasi kikubwa zaidi kwa mkupuo.

Upande wa taksi, mita ya gari linalochukuliwa uwanjani inaanza na dirham 25. Si wizi wa dereva. Ni kiwango cha mamlaka ya usafiri ya Dubai, na unakiona kwenye kioo cha mita kabla gari halijasogea. Baada ya hapo ni dirham 2 na senti kwa kilomita, na bei hiyo inapandishwa na kushushwa kufuata mafuta. Terminal 3 hadi Al Rigga, huko Deira, ni mwendo mfupi, hivyo mara nyingi unalipa dirham 40 na kitu, foleni ikiwa ya kawaida. Ukivuka Khor Dubai, mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai, kwenda Bur Dubai, inaongezeka Salik, ushuru wa barabara: dirham 6 saa za msongamano, 4 saa nyingine, na hakuna malipo kati ya saa 7 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiona imeongezwa Salik na hoteli yako iko Deira, muulize dereva kwa adabu amepita daraja gani.

Ukisimamisha taksi ileile barabarani mjini, mita inaanza karibu na dirham 5, na safari fupi kabisa inakutoka dirham 13 hivi. Maana yake ni kwamba njia hiyohiyo, kutoka hoteli ya Deira kurudi uwanjani, ni nafuu kwa dirham 20 hivi kuliko ya kuja. Wanaosema taksi ya Dubai ni ghali wameiona mara moja tu, siku ya kutua.

Hapo ndipo inapozaliwa njia ya katikati, ninayoipenda kwa mtu mmoja mwenye begi moja: metro hadi Al Rigga au Union, kisha taksi ya mjini hadi mlangoni. Hesabu yake kwa tiketi nyekundu: 6 kwa treni (2 za tiketi na 4 za nauli), 13 kwa taksi, jumla 19. Taksi ya moja kwa moja ni 40 na kitu. Unaokoa dirham 25 hivi, karibu dola 7, maana dola 1 ni dirham 3.67. Watu watatu: treni 18, taksi 13, jumla 31 dhidi ya 45, kila mmoja ameokoa dirham 5 kasoro, na mmesukuma mabegi matatu hadi lifti, getini, ndani ya behewa, tena lifti, tena barabarani. Kwa dirham 5, hapana. Watu wanne hesabu inageuka tena kwa sababu nyingine: gari dogo linabeba abiria wanne, ila buti lake halimezi mabegi manne makubwa. Mwambie mpanga foleni mapema kwamba mnataka gari kubwa, msingoje mpaka dereva ameshafungua buti mkaanza kutazamana.

Ninachokitilia shaka mwenyewe ni muda. Kutoka Terminal 3 hadi Union ni vituo vitano, na treni yenyewe inachukua dakika kumi na ushei. Lakini kutembea hadi kituoni, foleni ya mashine ya tiketi nyuma ya familia inayoisoma kwa mara ya kwanza, kungoja lifti kwa sababu ngazi za umeme na begi la kilo 23 havipatani, yote hayo hayana kipimo kinachokaa. Saa za jioni, barabara za Deira zinaposimama, metro inashinda taksi waziwazi. Saa 3 usiku, kwa mtu mmoja, begi moja, anayekwenda Al Rigga yenyewe, sina jibu la hakika, na anayekwambia analo hajasimama kwenye foleni zote mbili.

Na hoteli iko wapi hasa? "Deira" si anwani. Al Rigga na Union zinawafaa walio jirani na vituo hivyo. Wa Naif na soko la viungo wanahitaji Green Line, laini ya pili ya metro: unabadilisha Union, ambako laini zote mbili zinakutana chini ya ardhi, unashuka Baniyas Square au Al Ras, halafu unatembea. Dakika kumi na tano za kutembea ni matembezi mazuri mwezi wa Januari. Mwezi wa Julai joto linapita nyuzi 40, magurudumu ya begi yanagonga kila ukingo wa njia, na ukifika kaunta shati limeganda mgongoni.

Kwa wanaoamua treni: pale jukwaani soma mwisho wa safari. Treni iliyoandikwa Centrepoint inakupeleka kinyume, mbali na mji. Ya Deira ni inayokwenda upande wa Expo 2020 au Life Pharmacy. Maelekezo ya zamani bado yanasema Rashidiya badala ya Centrepoint, na UAE Exchange badala ya Life Pharmacy. Ni vituo vilevile, majina yamebadilishwa. Angalia pia alama za sakafuni kabla ya kuingia. Kuna behewa la wanawake na watoto, na kuna la daraja la Gold ambalo nauli yake ni maradufu. Ukikutwa usipostahili, faini ni dirham 100. Kula na kunywa ndani ni dirham 100 vilevile, na anayekula karanga alizotoka nazo nyumbani hatasikilizwa. Kusafiri bila kulipa ni 200.

Kwa wanaochagua taksi: toka nje hadi foleni rasmi. Anayekufuata ndani ya jengo na kukunong'oneza bei, mpite. Magari meusi ya kifahari yanayopangwa jirani na foleni ni halali ila mita yake ni ya juu zaidi. Mwanamke anayesafiri peke yake au na watoto anaweza kuomba taksi yenye paa la waridi, inayoendeshwa na mwanamke. Beba noti za dirham 5, 10 na 20, kwa sababu ukitoa ya 500 saa 7 usiku dereva hana chenji. Andika jina la hoteli na la barabara, maana hoteli za Deira zenye majina yanayofanana ni nyingi mno.

Na wale wanaouliza metro ya kwenda Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za China lililoko International City: haipo. Blue Line, laini mpya ya metro itakayofika huko, inajengwa, na imepangwa kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Mpaka hapo ni basi au taksi.

Kwa hiyo ukitaka kubana matumizi, bana siku ya kuja, ukiwa mwepesi na mita ya uwanjani ikiwa juu. Siku ya kurudi chukua taksi mlangoni pa hoteli, mabegi yakiwa yameshapimwa, na mtajie dereva terminal kabla hajaondoa gari. Terminal 2 iko upande wa pili wa njia za kurukia ndege. Ukishushwa Terminal 3 kwa makosa, huwezi kuvuka kwa miguu. Unazunguka uwanja wote kwa gari, na taksi utakayoichukua pale itaanza tena na dirham 25.